Kiti cha Safari na kiti cha Y: kinachochakaa ndicho kinachobadilishwa

Mwaka 1933 mbunifu wa Denmark, Kaare Klint, alichora kiti cha mbao, turubai na mikanda ya ngozi. Kikaitwa Safari. Neno hilo tulilipokea kutoka Kiarabu, likapikwa likaiva huku pwani, kisha likachukuliwa na Wazungu waliokuja kutembea na mahema, hadi likafika Copenhagen na kukaa juu ya kiti. Mpaka leo kiti hicho kinatengenezwa na kuuzwa kwa jina hilohilo na kampuni ya Carl Hansen & Søn, yenye kiwanda chake Gelsted, katika kisiwa cha Funen.

Kampuni hii husifiwa sana kwa uzuri wa samani zake. Uzuri upo, ila sifa kubwa zaidi haionekani kwenye picha. Katika viti vyake bora, sehemu inayochakaa haraka imetengwa na sehemu inayodumu. Turubai, mkanda na kamba ya kukalia vinaweza kuondolewa vikawekwa vipya bila kugusa hata kiungo kimoja cha mbao. Hayo ndiyo tutakayoyachambua hapa kwa viti viwili, Safari na CH24 ambacho wengi hukiita kiti cha Y: vinashikanaje, vinaharibikaje, na vinatengenezwaje upya.

Historia yenyewe kwa ufupi. Carl Hansen alifungua karakana yake Odense mwaka 1908. Mwanawe Holger aliirithi, na mwaka 1949 akamwita Hans J. Wegner, fundi seremala na mbunifu aliyezaliwa Tønder mwaka 1914, amchoree viti vya kutengenezwa kwa wingi. CH24 ilikuwa miongoni mwa viti hivyo, na imekuwa ikitengenezwa bila kukatika tangu 1950. Kiti cha Safari kilikuja kwa njia nyingine. Kilikuwa kazi ya karakana ya Rud. Rasmussen ya Copenhagen, iliyoanza 1869, na karakana hiyo ilichukuliwa na Carl Hansen & Søn mwaka 2011. Kwa hiyo viti hivi viwili vyenye damu tofauti sasa vinakaa nyumba moja.

Kiti kisicho na gundi

Klint hakuanza na karatasi tupu. Alikuwa na desturi ya kupima vitu vya zamani vilivyokwisha kuthibitika, kisha kuviboresha, na hivyo ndivyo alivyowafundisha wanafunzi wake katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa. Mzazi wa kiti cha Safari ni kiti cha kambi cha maafisa wa jeshi la Uingereza kilichopewa jina la mji wa Roorkee, India. Kiti hicho kilitakiwa kufunguliwa, kufungwa kama mzigo wa kuni, kubebwa, na kusimamishwa tena jioni bila bisibisi wala nyundo.

Kueleza viungo vyake nitaazima majina ya kitanda cha kamba, maana yanafaa kabisa. Kuna matendegu manne, yaani miguu. Kuna mifumbati miwili, mbao za pembeni zinazokwenda mbele na nyuma. Na kuna vitakizo viwili, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma. Seremala wa kawaida angezifunga mbao hizi kwa ulimi wa mraba, yaani ncha iliyochongwa kuingia tunduni, na gundi. Hapa ulimi ni wa mviringo na umechongwa kama koni: mnene kwenye bega, pale unapoanzia, mwembamba kwenye ncha. Tundu la kwenye tendegu nalo limepanuliwa kwa mteremko huohuo. Ulimi hauwezi kupita kiasi wala kulegea, kwa sababu kadiri unavyosukumwa ndani ndivyo unavyobana.

Kinachousukuma ni uzito wa mtu pamoja na mikanda. Kitambaa cha kukalia kimezungushwa kwenye mifumbati miwili. Ukikaa, kitambaa kinabonyea katikati na kuivuta mifumbati ielekee ndani, nayo inayavuta matendegu, na matendegu yanazibana ncha za vitakizo. Mikanda ya ngozi inayotumika kama mahali pa kuweka mikono inaunganisha vichwa vya matendegu ya mbele na ya nyuma, ili yasitanuke. Mgongo unaning'inia kwenye ekseli mbili na kuzunguka kidogo, ukifuata mgongo wa aliyekaa.

Faida ya pili inaonekana sakafu ikiwa mbovu. Kiti kilichogundishwa kina miguu minne isiyosikilizana na sakafu, na mmoja ukikosa pa kukanyaga kiti kinayumba. Hiki kila tendegu linajipinda peke yake kwenye koni zake mpaka miguu yote minne iguse chini. Kiweke barazani penye mawe, au uani penye mchanga, kitatulia.

Kukiunganisha ni kazi ya dakika chache, ila mpangilio una maana. Ingiza mifumbati yenye kitambaa kwenye matendegu kwanza, upande mmoja kisha wa pili, bila kukaza. Fuata kwa vitakizo. Weka mgongo. Mikanda ya mikono iwe ya mwisho. Kaza bizimu za chini ya kiti kwa mkono tu, kaa, nyanyuka, kisha kaza tundu moja zaidi. Usitumie koleo kuvuta mkanda. Ngozi mpya inarefuka, kwa hiyo baada ya wiki mbili au tatu za kukaliwa rudia kukaza, na baada ya hapo mara moja moja tu.

Makosa yanayokiumiza ni haya. Kubwa kuliko yote ni kukiinua kwa kushika mikanda ya mikono wakati bizimu zimelegea: matendegu yanatanuka juu, ulimi unachomoka, na kiti kinaanguka vipandevipande. Kishike kwenye mifumbati. La pili ni kuegemea nyuma kwa miguu miwili. Kiti kimebuniwa kugawa uzito kwenye matendegu manne, na ukiubwaga wote nyuma, ulimi wa kitakizo cha nyuma ndio unaobeba mzigo kwa upande wake dhaifu. La tatu ni mchanga na vumbi kwenye koni. Punje chache zinatosha kuufanya ulimi ukae juujuu na kulia kila ukijitikisa. Fungua, futa kwa kitambaa kikavu, pitisha nta kidogo ya mshumaa au ya nyuki, rudisha. Usitie mafuta ya kupikia. Yanaganda na kunata.

Ngozi haipendi jua la mchana kutwa. Ikikauka hupasuka kwanza kwenye matundu ya bizimu, ambako ndiko inakobeba mzigo wote. Ipake mafuta ya ngozi kidogo mara mbili kwa mwaka, upande wa nyuma pia, na uache usiku mzima kabla ya kukaa, la sivyo nguo zitapata madoa. Turubai adui wake ni unyevu. Likikunjwa likiwa na jasho au mvua hupata ukungu mweusi usiotoka. Anika kivulini penye upepo hadi mishono ikauke, maana mishono ndiyo ya mwisho kukauka na ndiyo ya kwanza kuoza.

Kwa fundi anayetaka kujaribu aina hii

Kutengeneza nakala ya kiti cha Klint ili kuiuza kwa jina lake si sawa. Lakini kiti cha kambi kilichomtangulia ni aina ya zamani, na fundi yeyote anaweza kujichorea chake. Vipimo vifuatavyo ni vya kufanyia kazi tu, si vya Klint.

Matendegu manne, unene 45 mm, urefu 560 mm. Mbao nne za mviringo zilizokerezwa, unene 30 mm, urefu kati ya bega na bega 460 mm, pamoja na ulimi wa 45 mm kila ncha. Toboa tendegu kwa keekee ya 16 mm, kisha panua tundu kwa keekee ya koni hadi upande wa ndani ufike 26 mm. Chonga ulimi uanzie 26 mm kwenye bega uishie 16 mm kwenye ncha. Jaribu ulimi kwa kuupaka kalamu ya risasi, kuusukuma na kuuzungusha: palipong'aa ndipo palipogusa, na panatakiwa pang'ae karibu urefu wote. Ukigusa bega tu au ncha tu, mteremko haulingani, na kiti kitayumba hata ukikaza vipi.

Matundu ya mifumbati na ya vitakizo yasikutane ndani ya tendegu. Yapishanishe kwa mm 40 au zaidi, na mifumbati iwe juu ya vitakizo, kwa sababu kitambaa kitabonyea na mapaja yasigonge kitakizo cha mbele.

Kiwandani wanatumia mti wa ashi, wenye nyuzi ndefu zilizonyooka, uleule ambao Ulaya hutengenezewa mipini ya shoka. Kwetu mninga unafaa sana kwa kuwa hauchezi ukishakauka, na msaji nao ni mzuri. La muhimu ni ukavu na mkondo wa nyuzi. Mbao mbichi ikikauka, tundu linageuka yai huku ulimi ukibaki duara, na hapo hakuna dawa. Nyuzi zikikatiza kwenye ulimi badala ya kwenda na urefu wake, utavunjika siku mtu mnene atakapojibwaga. Kitambaa kiwe turubai nzito la pamba, pindo lishonwe mara mbili. Ukitumia ngozi, iwe ya ng'ombe ya kiasi cha mm 4; nyembamba zaidi itarefuka kama ulimi wa kiatu.

Kiti cha Y na mita 120 za karatasi

CH24 ni kazi ya namna nyingine. Viungo vyake vimegundishwa, kina vipande 14 vya mbao, na kampuni inahesabu hatua zaidi ya 100 katika kukitengeneza. Taji lake, ule upinde unaobeba mgongo na viwiko, ni mti mmoja uliopindwa kwa mvuke. Miguu ya nyuma inaonekana imepindwa, lakini imekatwa kutoka kwenye ubao ulionyooka, ikachongwa mpaka jicho likadanganyika. Ule mgongo wa Y ndio unaolizuia taji lisibonyee. Wegner alikuwa ameangalia viti vya kale vya China na kuvipunguza uzito mpaka kikabaki kile kinachofanya kazi tu.

Sehemu ya kukalia imesukwa kwa kamba ya karatasi, karibu mita 120 kwa kiti kimoja. Watu wengi wakisikia karatasi wanacheka. Ni karatasi imara iliyosokotwa kwa nguvu, nyuzi tatu zikawa moja, yenye unene wa mm 3 hivi, na ikatiwa nta kidogo ili isinywe maji haraka. Denmark iliizoea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kamba za majani ya baharini zilipoadimika, na vita vilipoisha mafundi wakaona mbadala umeishinda asili. Fundi mzoefu kiwandani anasuka kiti kimoja kwa takriban saa moja. Anayeanza atumie siku nzima bila aibu.

Hiyo kamba ndiyo inayochakaa. Hukatika kwanza kwenye ukingo wa mbele, mapaja yanapopita, na kwenye kona za mbele. Ikikatika mistari miwili mitatu usifunge viraka. Kamba zote zinavutana, na mstari mmoja ukilegea, majirani zake wanabeba mzigo wake hadi nao waachie. Kisuke kiti chote upya.

Nunua kilo moja na robo ya kamba. Kilo moja inatoa mita zisizopungua sana 120, na robo ni ya makosa. Andaa nyundo ndogo, misumari midogo yenye kichwa bapa ya mm 15, koleo, mkasi mkali, kipande cha mbao ngumu chenye ncha butu cha kusukumia mistari, kibano cha kushikia kamba unapopumzika, na chupa ya kunyunyizia maji.

Kabla hujakata kitu, piga picha za juu, chini na nyuma. Angalia hasa jinsi kamba inavyopita kwenye kitakizo cha nyuma karibu na mguu wa Y, maana hapo ndipo wengi wanapokwama baada ya kubomoa. Kisha kata kamba yote katikati, ng'oa misumari yote, na futa vumbi. Sasa shika taji kwa mkono mmoja na mguu wa mbele kwa mwingine, usokote taratibu. Kiungo kikilia, tengeneza sasa. Ukisuka juu ya kiungo kilicholegea, mvuto wa kamba utakifungua zaidi, na kukigundisha tena itabidi ubomoe kazi yako yote.

Mbele ya kiti ni pana kuliko nyuma. Hilo ndilo fumbo zima la kazi hii: kona za mbele zinajazwa kwanza mpaka nafasi iliyobaki mbele ilingane na urefu wa nyuma. Pima kitakizo cha mbele na cha nyuma, toa, gawa kwa mbili. Tuseme mbele ni sm 46 na nyuma sm 36: tofauti ni sm 10, kila kona inahitaji sm 5. Kwa kamba ya mm 3 hiyo ni mizunguko 16 au 17 kila upande. Pima kiti chako mwenyewe, usifuate mfano huu.

Kata vipande vya mita moja na robo hivi. Nyunyizia maji kidogo, au chovya kwenye maji ya vuguvugu kwa sekunde chache na kutoa. Kamba kavu inavunjika kwenye kona, na kamba iliyoroweka inafumuka na kutoa manyoya. Pigilia ncha ya kwanza upande wa ndani wa mfumbati wa kushoto. Kamba ipande juu ya kitakizo cha mbele, iteremke nje, irudi chini yake, ichomoze ndani, ipite juu ya mfumbati wa kushoto, iteremke, irudi chini, kisha ikatize mpaka mfumbati wa kulia. Kule ifanye hivyohivyo kinyume: juu ya mfumbati wa kulia, chini, ichomoze, juu ya kitakizo cha mbele, chini, na ipigiliwe ndani ya mfumbati wa kulia. Rudia. Kanuni ni moja tu kwa kazi yote: kamba hutoka ndani, hupita juu ya ubao kwenda nje, na kurudi chini yake. Ukiona imetoka chini kwenda juu upande wa nje, umekosea mstari huo, fungua sasa hivi.

Kona zikijaa, anza kamba ndefu. Fanya fungu la mita 12 hadi 15, maana refu zaidi linajifunga mafundo na kukuchosha mkono. Safari yake ni ya kona nne. Kona ya mbele kushoto, juu ya kitakizo kisha juu ya mfumbati. Katiza hadi mbele kulia, juu ya mfumbati kisha juu ya kitakizo. Nenda nyuma kulia, juu ya kitakizo kisha mfumbati. Katiza hadi nyuma kushoto, juu ya mfumbati kisha kitakizo, na urudi mbele kushoto. Huo ni mzunguko mmoja.

Mkono mmoja unavuta, mwingine unashika mzunguko uliotangulia usilegee. Vuta kuelekea chini unapozunguka ubao, kisha kwa mlalo unapokatiza. Kila baada ya mizunguko minne, sukuma mistari kwa kile kipande cha mbao ili ikae bega kwa bega, na weka kipembe, yaani kipimo cha pembe mraba, kwenye kona: mstari unaokatiza na ule unaokutana nao lazima wafanye pembe mraba. Kona ikianza kwenda mshazari, kosa la mm 2 kwenye mzunguko wa kumi litakuwa sm moja kwenye wa hamsini, na mstari wa katikati utaonekana umelewa.

Mistari isipandane juu ya ubao. Ni kishawishi kikubwa pale nafasi inapobana, lakini kamba iliyopanda juu ya mwenzake ndiyo itakayosuguliwa na nguo na kukatika kabla ya zote. Bora mizunguko michache iliyolala vizuri.

Kamba ikiisha, unga kwa fundo tambarare la mraba, na fundo liwe chini, katikati, mahali litakapofunikwa na safu zinazofuata. Fundo likitokea karibu na ubao, rudi nyuma ulikate mapema. Ukifika nusu ya kazi utaona mifuko minne kati ya safu ya juu na ya chini, kama bahasha. Mafundi wengi husokotea humo vipande vya kamba vilivyobaki ili kiti kisibonyee haraka. Ijaze mifuko hiyo kwa kiasi, isivimbe.

Mifumbati itajaa kabla ya vitakizo. Pengo linalobaki katikati linajazwa kwa kwenda mbele na nyuma tu, juu ya kitakizo cha mbele, kupita katikati, juu ya kitakizo cha nyuma, kupita katikati, kama tarakimu nane. Hapa nafasi ni finyu na vidole vinauma. Mistari ya mwisho mitatu minne huingizwa kwa koleo. Funga ncha chini kwa fundo na msumari mmoja. Acha kiti kikauke siku nzima. Kamba ikikauka inajikaza, na ukigonga kwa vidole utasikia sauti kama ya ngoma ndogo. Ikibaki bubu, ulivuta kwa woga.

Baada ya hapo, adui ni vifungo vya mifuko ya nyuma ya jinzi, kucha za paka, na mtu anayesimama juu ya kiti kubadili balbu. Uzito wa mtu aliyekaa umegawanyika, uzito wa kisigino hauna pa kugawanyikia. Jinzi mpya pia huacha rangi ya buluu kwenye kamba ya rangi ya asili. Kikimwagikiwa, kausha kwa kubonyeza kitambaa, usisugue. Kwenye miji ya pwani penye unyevu, kiache mbali na ukuta unaotoa maji na upitishe upepo chini yake, kwani karatasi nayo hushika ukungu.

Mbao: sabuni au mafuta

Mwaloni mweupe wa Kidenmarki wenye sura kavu mara nyingi umepakwa sabuni tu. Vipande vyembamba vya sabuni safi isiyo na rangi wala harufu, gramu 40 hadi 50 kwa lita moja ya maji ya moto, vikoroge viyeyuke, acha yapoe hadi vuguvugu. Paka kwa sifongo kufuata mkondo wa nyuzi, kiti chote kwa pamoja ili kusibaki mipaka ya maji, kisha futa kwa kitambaa kilichokamuliwa na acha kikauke. Maji yatasimamisha nyuzi na mbao itakuwa na vinyweleo. Pitisha msasa laini wa 240, kufuata nyuzi, na rudia sabuni mara moja. Kiti kipya kinahitaji hivyo mara kadhaa mwaka wa kwanza, baadaye mara mbili kwa mwaka inatosha. Usiloweshe kamba.

Usitumie sabuni kali ya kufulia. Magadi yake huugeuza mwaloni uwe wa kahawia. Na usisugue mwaloni kwa waya wa chuma wa kusafishia sufuria: vipande vidogo vya chuma hukutana na tanini iliyomo kwenye mti, na unyevu ukija unapata madoa meusi ya samawati yaliyoingia ndani kabisa.

Kiti cha mafuta kina kanuni nyingine. Paka kidogo kwa kitambaa, subiri dakika 15 hadi 20, kisha futa yote ambayo hayakuzama. Mafuta yaliyobaki juu yatanata miezi. Kitambaa ulichotumia kisikunjwe na kutupwa pipani: mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofumbatwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje au kiloweke majini kwanza. Ukishapaka sabuni usirukie mafuta bila kupiga msasa wote, na kinyume chake pia. Hivi viwili havikai pamoja.

Ukinunua kilichotumika

Wanaoishi Ulaya ya kaskazini hukutana na CH24 kuukuu sokoni, na kamba iliyokatika hushusha bei. Kamba isikutishe. Tazama mbao. Taji liwe mti mmoja: fuata mkondo wa nyuzi kutoka kiwiko hadi kiwiko, na ukiona mahali nyuzi zinakatika na kuanza upya, limeungwa kwa vipande na si la Funen. Jaribu kiungo cha taji na miguu ya nyuma, kwa sababu hapo ndipo watu wanaposhika wanapokiburuta. Pindua usome alama ya chini. Pima pia kimo cha kukalia. Vya zamani ni karibu sm 43, vya siku hizi ni sm 45. Ukichanganya vya zamani na vipya mezani, wageni wawili wa kimo kimoja watakaa kwa mabega yasiyolingana. Meza ya sm 72 inavipokea vyote, lakini ile ya sm 75 itamfanya wa kwenye kiti cha zamani ainue viwiko wakati wa kula.